Maduka ya bunduki yakiungana, mnunuzi hubaki na nani?

Mji wa Sidney uko magharibi mwa jimbo la Nebraska, Marekani, kando ya barabara kuu ya I-80, na wakazi wake hawafiki 7,000. Kwa karibu nusu karne mji huo uliishi kwa kampuni moja. Cabela's iliuza bunduki, risasi, ndoana, mahema, mabuti na makoti ya kuwindia, na enzi za neema yake iliajiri watu wapatao 2,000 papo hapo Sidney. Tarehe 25 Septemba 2017 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa mpinzani wake mkubwa, Bass Pro Shops ya Springfield, Missouri, kwa dola bilioni 5 hivi. Vyombo vya habari vya Marekani vimeandika sana juu ya ajira zilizopotea na nyumba zilizokosa wanunuzi, na vilifanya vema kuandika. Aliyesahaulika ni mteja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, duka la namna hii linahitaji maelezo kidogo. Huku kwetu anayetaka bunduki huanzia kwenye kibali, na wauzaji wake ni wa kuhesabika. Marekani bunduki hukaa rafuni hatua chache kutoka kwenye viatu vya watoto na majiko ya kambi. Maduka ya Cabela's na Bass Pro ni makubwa kuliko masoko mengi ya miji yetu. Ndani yake mna matangi ya samaki hai, vilima vya mawe ya bandia na wanyama waliokaushwa, wakiwamo wa Afrika. Bass Pro ilifikia hatua ya kufungua duka ndani ya jengo la piramidi mjini Memphis mwaka 2015. Familia huendesha gari saa kadhaa kwenda kushinda humo mchana kutwa. Wengi wa wateja ni wawindaji wa paa na bata, wavuvi wa mitoni, wazazi wanaotafuta hema la likizo. Mfanyakazi wa kiwandani anayeweka akiba miezi kadhaa ili anunue bunduki ya kuwindia ana haki ya kupata bei nzuri kama mnunuzi wa friji au wa baiskeli.

Bei hiyo nzuri ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ugomvi wa wauzaji wawili.

Mwaka 1961 Dick Cabela, kijana wa familia iliyokuwa na duka la samani katika mji mdogo wa Chappell, Nebraska, alikwenda Chicago kwenye maonyesho ya samani. Akarudi na shehena ya nzi bandia, vile vidude vya nyuzi na manyoya vinavyofungwa kwenye ndoana ili samaki adhani ni mdudu. Alitangaza gazetini kuwa anauza 12 kwa dola moja, akapata jibu moja tu. Akabadili tangazo: nzi 5 bure, mteja alipe senti 25 za posta na ufungaji. Oda zikamiminika. Dick na mkewe Mary wakawa wanafunga vifurushi kwenye meza ya jikoni, kila kifurushi kikiambatana na orodha ya bidhaa nyingine. Baadaye nduguye Jim akajiunga nao, na mwaka 1969 biashara ikahamia Sidney. Cabela's ilijengwa juu ya jambo hilo moja: mtu wa kijijini, aliye mbali na maduka, apate kitu kizuri kwa bei ya kumvutia.

Huko Missouri, mwaka 1972, Johnny Morris alianza kuuza vifaa vya uvuvi kwenye kijisehemu cha futi 8 za mraba ndani ya duka la vileo la baba yake. Miaka miwili baadaye akatoa katalogi yake. Tangu hapo kampuni hizo mbili ziliwinda wateja walewale. Moja ikitoa katalogi nene, nyingine inaongeza kurasa. Moja ikiwapa wanachama pointi za manunuzi, nyingine nayo inatoa kadi yake. Kila moja ilikuwa na chapa za nyumbani za kubana bei za watengenezaji wakubwa: Bass Pro ilikuwa na RedHead, Cabela's ilikuwa na Alaskan Guide. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru hapa alikuwa mwindaji mwenye katalogi mbili mezani, akilinganisha bei mstari kwa mstari.

Vita hivyo havikuisha kwa sababu panzi mmoja alishindwa. Mwaka 2015 Cabela's iliuza bidhaa za dola bilioni 4 hivi na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 180. Oktoba mwaka huo mfuko wa uwekezaji wa Elliott Management, unaoongozwa na Paul Singer wa New York, ulitangaza kuwa umejipatia zaidi ya asilimia 11 ya hisa, nao ukaanza kuishinikiza bodi itafute njia ya kupandisha thamani, kuuza kampuni kukiwa mojawapo. Kabla ya Elliott kujitokeza hisa moja ilikuwa chini ya dola 40. Tarehe 3 Oktoba 2016 Bass Pro ilitangaza kuinunua kwa dola 65.50 kila hisa, kiasi kilichoshushwa Aprili 2017 hadi dola 61.50 baada ya mvutano wa muda mrefu kuhusu benki ya kadi za mkopo iliyokuwa mali ya Cabela's. Mwenye hisa alijua amepata nini. Mteja hakuwa na hisa wala kiti katika meza ile.

Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilichunguza muungano huo kwa miezi kadhaa, kisha katikati ya 2017 ikauachia upite bila kuamuru duka hata moja liuzwe kwa mshindani. Wakati mpango unatangazwa Bass Pro ilikuwa na maduka na vituo vya boti 99, na Cabela's maduka 85. Mtu akitazama ramani ya nchi nzima, yenye Walmart kila kona na maelfu kwa maelfu ya wauza bunduki wadogo, ataona maduka hayo ni sehemu ndogo tu. Mantiki hiyo inasikika vizuri Washington, lakini kwa anayeishi mahali ambapo Cabela's na Bass Pro ndiyo maduka mawili makubwa yaliyo karibu naye haina msaada wowote.

Hilo ndilo kosa kubwa katika kuchunguza miungano ya maduka: kuhesabu nchi badala ya kuhesabu mji.

Marekani yenyewe ilishajua kuhesabu vizuri. Mwaka 1997 kampuni ya vifaa vya ofisi ya Staples ilitaka kuinunua Office Depot. Kwa hesabu ya nchi nzima, kalamu na karatasi ziliuzwa kila mahali, na kampuni hizo zilikuwa na sehemu ndogo ya soko. FTC ikashuka mjini. Ikalinganisha bei za Staples palipokuwa na washindani wawili wa aina yake na bei zake pale ilipokuwa peke yake, ikakuta kwamba peke yake ilitoza takriban asilimia 13 zaidi. Jaji akausimamisha muungano. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji nadharia ngumu. Risiti za kampuni yenyewe zinatosha kuonyesha jinsi bei inavyobadilika mshindani akiwa jirani na asipokuwapo.

Kwa bunduki kipimo hicho kina uzito zaidi kuliko kwa karatasi, na sababu iko kwenye sheria. Machi 1963 mtu aliyejiita A. Hidell aliagiza bunduki kwa posta kutoka Klein's Sporting Goods ya Chicago kwa dola 19.95 na nauli juu. Jina lake la kweli lilikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba mwaka huohuo Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 ilipiga marufuku biashara ya kumtumia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine. Hadi leo anayeinunua bunduki mpya kwenye mtandao haipokei mlangoni kwake. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, naye mnunuzi anakwenda mwenyewe, anaonyesha kitambulisho, anajaza fomu ya serikali namba 4473, na jina lake linapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI ulioanza Novemba 1998. Bastola ina masharti zaidi, kwani mtu hawezi kuinunua jimbo jirani na kuondoka nayo.

Sheria hiyo ni ya haki na usalama wa watu unaidai. Lakini ina matokeo ambayo wachunguzi wa ushindani hawana budi kuyapima. Mnunuzi wa viatu akichoshwa na duka la mjini kwake huagiza kwingine, vikafika kesho kutwa. Mnunuzi wa bunduki amefungwa na umbali. Soko lake ni maduka anayoweza kuyafikia kwa gari na kurudi siku hiyohiyo. Maduka hayo yakiwa matatu yakawa mawili, au mawili yakawa moja, hakuna tovuti itakayompa ushindani uleule.

Watetezi wa muungano wana hoja mbili za kusikilizwa. Wanasema kwanza kwamba wako wauzaji wadogo wenye leseni, wengine wakifanyia biashara gereji za nyumbani kwao. Ni kweli wapo, na wanastahili heshima kwa kazi wanayoifanya. Ila muuzaji wa gereji hana bunduki 300 za kushikwa na kulinganishwa. Hana uwezo wa kuagiza risasi kwa lori, na anayepokelea bunduki iliyonunuliwa mtandaoni kwa kawaida hutoza ada yake. Hoja ya pili ni kwamba kampuni kubwa hununua kwa wingi, hivyo hupata nafuu kiwandani. Nafuu hiyo ipo. Swali ni nani anaipokea. Mwenye duka hupitisha nafuu kwa mteja anapoogopa kwamba mteja ataondoka. Hofu hiyo ikitoweka, na kampuni ikiwa na deni la mabilioni iliyolibeba ili kumnunua mwenzake, nafuu huishia kwenye riba ya benki.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye bei. Maduka mengi ya Cabela's yana chumba maalumu cha bunduki za zamani na za thamani, ambako mtu huweza pia kuuza ya kwake. Mjane aliyeachiwa bunduki na mumewe alikuwa na nguvu kidogo alipoweza kupata makadirio ya wanunuzi wawili wakubwa. Wanunuzi wakiwa chini ya mmiliki mmoja, atakachoambiwa kwenye kaunta ya kwanza ndicho atakachoambiwa kwenye ya pili. Muungano humbana anayenunua na anayeuza.

Wakati Cabela's inamezwa, washindani wengine nao walikuwa wakianguka, na hilo lilipaswa kuwazindua wachunguzi. Sports Authority, yenye maduka zaidi ya 450, iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2016 na kufungwa yote. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, ilikuwa zamu ya Gander Mountain, yenye maduka zaidi ya 150 ya uwindaji na kambi. Camping World iliokota mabaki yake kwenye mnada. Mteja wa mji wa kati aliyekuwa na majina manne ya kuchagua mwaka 2015 aliweza kujikuta na mawili miaka miwili baadaye, na ya hayo mawili mmiliki akawa mmoja.

Maduka yakipungua, kila uamuzi wa bodi moja huwa mzito mithili ya sheria. Tarehe 28 Februari 2018, wiki mbili baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida, Dick's Sporting Goods ilitangaza kuacha kuuza bunduki za mtindo wa kijeshi na kutomuuzia bunduki mtu aliye chini ya miaka 21. Baadaye ikaondoa vifaa vya uwindaji kwenye maduka yake mengi. Septemba 2019, baada ya mauaji ya watu 23 ndani ya duka lake la El Paso, Walmart ilitangaza kuacha kuuza risasi za bastola, na mkuu wake akasema sehemu yao ya soko la risasi ingeshuka kutoka karibu asilimia 20 hadi kati ya 6 na 9. Hatua hizo zilikuwa za kiungwana, zimechukuliwa na watu walioona damu, na kampuni ina haki ya kuchagua inachouza. Lakini wateja walioachwa na Dick's na Walmart hawakutoweka. Walikwenda kwa waliobaki, na kati ya wauzaji wakubwa waliobaki, yule mwenye nguvu zaidi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumnunua mpinzani wake. Anayeunga mkono udhibiti wa bunduki na anayeupinga wana sababu moja ya kukutana hapa. Masharti ya nani auziwe silaha yatungwe na bunge, mbele ya macho ya watu, yasiachiwe wenye maduka wawili watatu.

Risasi zenyewe zinaonyesha jinsi wingi wa majina unavyoweza kumdanganya mtu. Vista Outdoor, iliyokuwa tayari inamiliki Federal, CCI na Speer, ilinunua biashara ya risasi ya Remington mwaka 2020 kwa dola milioni 81.4 baada ya Remington kufilisika mara ya pili. Novemba 2024 viwanda hivyo vyote vikauzwa kwa Czechoslovak Group, kampuni ya Prague ambayo tayari ilikuwa inaidhibiti Fiocchi ya Italia. Mteja anayesimama mbele ya rafu na kuchagua kati ya boksi la Federal, la Remington, la CCI, la Speer na la Fiocchi anadhani analinganisha wazalishaji watano, kumbe fedha yake inaelekea kwenye mfuko mmoja. Uhaba wa 2020, mwaka ambao mfumo wa FBI ulipitisha maombi ya ukaguzi milioni 39.7, uliwafundisha wawindaji maana ya kuwa na wazalishaji wachache: rafu tupu na kikomo cha maboksi kwa kila mteja, kwa miezi mingi.

Ndiyo maana kilichotokea baadaye kina umuhimu. Desemba 2020 kampuni mama ya Bass Pro ilikubaliana kuinunua Sportsman's Warehouse ya Utah kwa dola 18 kila hisa, jumla ikiwa karibu dola milioni 800. Sportsman's ilikuwa na maduka zaidi ya 100, mengi yakiwa katika majimbo ya magharibi, na kadhaa kwenye miji ya wastani ambako Cabela's ndiye aliyekuwa mshindani wake wa kweli. Safari hii FTC haikuridhika. Baada ya karibu mwaka mzima wa uchunguzi, Desemba 2021, kampuni zote mbili zilitangaza kuuvunja mkataba kwa kuwa majibu ya tume yaliwaonyesha kwamba idhini isingepatikana. Sportsman's ikalipwa dola milioni 55 za fidia ya kuvunjika kwa mkataba.

FTC ilifanya sawa. Ila uamuzi wa 2021 haukuondoa jeraha la 2017. Muungano wa kwanza ndio uliomfanya mnunuzi awe mkubwa kiasi cha wa pili kuwa hatari. Tume ingeuchambua mji kwa mji mwaka ule, na kuamuru maduka yaliyokaribiana yauzwe kwa mtu mwingine, leo wawindaji wa miji mingi wangekuwa na pa kwenda pa pili.

Haki inadai pia kusema kwamba kubaki huru hakujaipa Sportsman's raha. Iliongeza matawi hadi yakapita 140, lakini mauzo yalilegea baada ya msisimko wa janga la korona, na hisa zake zimeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya zile dola 18. Siku moja mnunuzi atabisha tena hodi, na hoja itakuwa kwamba muungano ni bora kuliko kufilisika. Hoja hiyo haifai kukubaliwa kwa maneno matupu. Kampuni iliyolemewa inaweza kuuzwa kwa asiye mshindani wake, kama Gander ilivyochukuliwa na wauza magari ya kambi, au matawi yake yakagawanywa kwa wenye maduka wa mikoani.

Afrika Mashariki si mgeni wa mabishano haya. Kundi la Heidelberg, wenye Twiga Cement, lilipotaka kuinunua Tanga Cement mwaka 2021, Tume ya Ushindani ya Tanzania iliridhia mwaka uliofuata, kisha Baraza la Ushindani likaitengua idhini hiyo Septemba 2022, kiini cha ubishi kikiwa kipimo cha asilimia 35 ya soko. Ununuzi ulikuja kufanyika baadaye. Lakini saruji ni nzito na nauli yake ni kubwa, hivyo fundi wa Tanga au wa Moshi hanunui kwenye soko la Tanzania nzima. Ananunua kwenye soko la malori yanayomfikia. Asilimia ya taifa haimwambii chochote kuhusu bei ya mfuko kwa muuzaji wa mtaani kwake.

Kwa hiyo ombi kwa FTC, na kwa tume za Dar es Salaam na Nairobi, ni moja na linatekelezeka: kabla ya kuidhinisha muungano wowote wa maduka, kampuni zilazimishwe kutoa bei zao za kila mji, wenye mpinzani na usio na mpinzani, na matokeo yatangazwe hadharani. Palipo na pengo la bei, matawi yauzwe kwa mwingine au muungano ukataliwe. Na mteja, wa Nebraska au wa Kariakoo, asingoje aulizwe: tume hizi hupokea maoni na malalamiko ya wananchi, naye ayapeleke huko kabla mkataba haujatiwa saini.